Habari Haipandi Mlima

"Mama Kirit, hivi huyo Mungu wenu anakaa pangoni kwa nini? Hana nyumba?"

Adelina aliniuliza hivyo katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu, tunangoja mashine zimalize kuzunguka. Alikuwa ameona picha ukutani kwangu siku aliyokuja kuazima pasi: mlango mweusi kwenye mwamba, na mbele yake ng'ombe dume wa jiwe amelala anatazama ndani. Adelina ni Mkatoliki wa Bukoba, mjane kama mimi. Mlango wake unatazamana na wangu hapa Weston, Toronto, na ana tabia ya kuuliza swali kwanza, salamu baadaye.

"Nyumba anazo nyingi," nikamwambia. "Pangoni ndiko alikokuwa kabla watu hawajajua kujenga."

"Si angehamia mjini kama sisi."

"Sisi tumehama, dada. Hebu tutazame tulivyo."

Alicheka mpaka akashika mashine. Nami nikacheka, lakini swali lilinifuata hadi juu, kwa sababu mwaka ule, elfu mbili na kumi na tatu, zamu ya pango ilikuwa imeifikia nyumba yetu, na hapakuwa na mtu wa kwenda.

Pango lenyewe liko katika milima ya Saurashtra, India ya magharibi, kwao marehemu mume wangu Himatgar. Limechongwa ndani ya mwamba mmoja. Nguzo, dari, vizingiti, vyote ni jiwe lile lile, hakuna tofali hata moja lililoletwa kutoka nje. Wasomi wanasema watawa wa Buddha ndio waliolichonga kwanza, Shiva, Mungu wetu, akaja baadaye. Wazee wa ukoo wa mume wangu wanasema Shiva hakuja, alikuwepo. Waliokuja na kuondoka ni watu. Mimi sijui. Nilisoma hadi darasa la saba, Mwanza, na mambo ya pango hayakuwa kwenye mtihani. Ninachojua ni kile nilichokiona mwaka nilioolewa, Himatgar aliponipeleka.

Unatoka kwenye jua, unavua viatu, unagonga kengele ili usiingie kwa Mungu kama mwizi. Ndani huoni kitu. Wageni huwasha tochi. Watu wa ukoo husimama tu, kimya, mpaka giza lenyewe likubali kuwaonyesha. Kwanza inajitokeza taa ya samli. Halafu jiwe la Shiva, fupi, jeusi, linang'aa kwa maji. Hilo halikuchongwa na mtu, limeota kutoka sakafuni. Juu yake kinaning'inia chungu chenye tundu dogo, na maji yanadondoka tone baada ya tone, mchana kutwa, ili Mungu asipate joto. Unaweka majani yako ya mti wa bilva, yale yanayoota matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, kisha unazunguka. Lakini huzunguki mzima. Ukifika kwenye mfereji unaotoa maji nje unageuka, unarudi ulikotoka, kwa sababu maji yaliyomgusa Mungu hayarukwi. Dari ni nyeusi kwa moshi. Bwana mmoja wa mambo ya kale alitaka kuisugua, wazee wakamwambia: huo si uchafu, bwana, hizo ni taa za babu zetu.

Kazi ya pango ni ya nyumba nne za ukoo mmoja. Kila mwaka, mwezi wa Shravan, mwezi wa mvua na mfungo, nyumba moja inashika zamu. Mwanamume wa damu ya nyumba hiyo anapanda mlima, anakaa huko mwezi mzima, anakula mara moja kwa siku, na kila alfajiri anamwaga maji ya kwanza. Mwanamke wa nyumba anayachota maji hayo kwenye chemchemi na kuyafikisha mlangoni. Nyumba isiyoleta mtu kwenye zamu yake inasemwa imetua mtungi. Zamu yake inagawiwa nyumba nyingine, na hairudi tena.

Himatgar hakuwahi kuikosa. Alikwenda tukiwa Mwanza, alikwenda tukiwa hapa, akioka mikate kiwandani na kukataa likizo nyingine zote ili apate ile moja. Alifariki majira ya baridi ya mwaka wa kumi na mbili. Siku zake za mwisho hakusema mengi. Aliniuliza tu kama Kirit bado anakumbuka yale maneno ya kuingilia pangoni.

Kirit ni mwanangu, wa pekee. Ni fundi wa lifti. Yuko Toronto hii toka akiwa mtoto wa shule, na anaishi na mkewe Bhavna ng'ambo ya mji.

"Wewe mwenyewe nenda," Adelina akasema nilipomweleza. Tulikuwa kwangu, tunakunywa chai. "Mguu unao, akili unayo."

"Mimi si wa damu ile. Nimekuja kwa ndoa. Kazi yangu ni kuchota."

"Kwetu mjane ndiye anayepanga maua ya altare. Padri mwenyewe anamwogopa."

"Na misa anasoma nani?"

"Haya, umenipata," akasema, akajiongezea sukari.

Mwaka ule walikuwa wanachimba njia ya treni ya uwanja wa ndege, hapa hapa Weston. Kutwa nzima chuma kinapiga ardhi, du, du, du, vikombe vinatetemeka kabatini. Mimi nilikuwa nikitembea kati ya jiko na dirisha, jiko na dirisha. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Nikishika tasbihi yangu ya mbegu za rudraksha, nafika katikati nasahau nilikuwa naomba nini. Nilimpigia Kirit mwezi wa tano, akasema tutaongea. Nikampigia mwezi wa sita, akasema kazini pagumu. Kisha ikaja ile mvua kubwa ya Julai, treni ikazama njiani na abiria wake, umeme ukakatika upande wetu wote, na mashimo ya lifti ya nusu ya majengo ya mji yakajaa maji. Hapo hata simu akawa hapokei.

Na kila siku chache, Devgar. Devgar ni binamu wa mume wangu, mkubwa wa zile nyumba nne, ndiye anayeshika ufunguo wa pango. Hana ubaya. Ni mtu wa utaratibu.

"Shemeji, nipe jina," ananiambia kwa Kigujarati. "Sihitaji zaidi ya jina. Lazima nilitangaze mlangoni kabla mwezi haujaandama. Nyumba ya tatu wananiuliza kila jioni, wana vijana watano wanakaa bure."

"Nitakupa, Devgar."

"Lini?"

"Nitakupa."

Chakula kikawa hakipiti. Sikufunga kwa makusudi, Mungu anajua. Napika dengu, natazama, nafunika. Adelina akaona. Yule anaona mfuniko akajua kilichomo. Sikumtuma, lakini alimpigia Kirit kazini na kumwambia: "Mama yako hali. Hanisikii mimi, labda atakusikia wewe. Au unangoja tukuite kwa jambo jingine?"

Kesho yake jioni Kirit akaja. Lifti ya jengo letu ilikuwa bado mbovu, kwa hiyo fundi wa lifti alipanda ngazi kama sisi sote. Alisimama mlangoni anahema, kofia ya kazi mkononi.

"Nitakwenda," akasema. "Nimeshanunua tiketi. Sasa kula."

Nilimpakulia yeye, nikajipakulia mimi, tukala. Nilishukuru. Nililia kidogo, na yeye akanitazama nikilia kama mtu anayengoja lifti ifike. Alipoondoka nikawasha taa mbele ya picha ya pango na kumwambia Himatgar: anakwenda.

Ningelala usingizi wa kitoto, sivyo? Sikulala. Kwa sababu alikuwa amekubali haraka mno. Miezi miwili ya tutaongea, halafu nitakwenda, kwa pumzi moja, kama mtu anayekata kamba. Namjua mwanangu. Akinunua viatu anauliza mara nne. Hakuuliza atalala wapi, atakula nini, mvua ikoje. Na Bhavna hakuja naye wala hakupiga simu, wakati Bhavna hapitishi siku mbili bila kuniuliza magoti yangu yanaendeleaje.

Jumapili, akiwa na ndege ya usiku huohuo, akaja ili nimkumbushe maneno. Adelina alikuwa kwangu. Ametoka kanisani, amekuja na ndizi alizopika kwa nyama, akazila yeye mwenyewe kwa vile mimi nyama sili, huku akinihurumia waziwazi.

"Shikamoo, anti," Kirit akamwamkia.

"Marahaba, baba. Umekuja kusomea upadri?"

"Upadri wa mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja wengine wetu tungeuweza," Adelina akasema, nasi tukacheka, hata Kirit.

Nikamsimamisha mbele ya mlango wa chumba changu, nikampa chupa ya shaba ambayo baba yake alikuwa akimwagia maji ya pango, tupu. Nikamwonyesha: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Hatazami nyuma. Anasema jina lake, la baba yake, la babu yake. Kisha anayeshika ufunguo anamuuliza swali moja, ndipo anampisha. Swali hilo ni la kale kuliko ngazi zenyewe, na Himatgar alikuwa akilijibu kwa sauti mpaka popo wanaruka.

"Mimi ndiye Devgar," nikasema. "Sasa nakuuliza. Umekuja, au umeletwa?"

"Nimekuja," Kirit akasema.

Alilisema vizuri. Alilisema kama anavyomwambia meneja kwamba lifti imekaguliwa. Nikamtazama mikono. Chupa ilikuwa imelala upande. Ingekuwa na maji, yangekuwa yote sakafuni.

"Aliyeletwa inakuwaje?" Adelina akauliza kutoka kwenye kochi.

"Hapiti. Anaambiwa arudi nyumbani na amani. Hakuna ugomvi."

"Kumbe wana akili."

"Kirit," nikasema, "nakuuliza tena. Si kwa mazoezi."

Akaitua ile chupa juu ya meza. Akajifuta viganja kwenye suruali.

"Baba alirudi Septemba ile," akasema, "akakaa kwenye kochi letu, mimi na Bhavna, akatusimulia mvua. Eti mvua ilikuwa nzuri mwaka huu. Mito imejaa. Hayo tu. Akanywa chai akaondoka."

Nilijua Septemba gani. Agosti ya mwaka wa elfu mbili na tisa mtoto wao wa kwanza alizaliwa akiwa ameshakufa. Mimi sikwenda India mwaka ule, nilibaki kwa ajili ya Bhavna, mke wa Devgar akachota maji badala yangu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Bhavna hospitali. Kirit ndiye aliyembeba mtoto, amefungwa kitambaa cheupe. Himatgar alikuwa mlimani, kwenye zamu.

"Hakuambiwa mpaka aliposhuka," nikasema. "Ndiyo desturi, mwanangu. Habari haipandi mlima. Mwenye zamu akisikia msiba wa kwao, au hata uzazi, anaingia mwiko, hawezi kumgusa Mungu. Kwa hiyo wenzake wanamlinda asisikie."

"Najua. Nilipiga simu mimi. Mzee Devgar akaniambia, kwa upole, nitamwambia akishuka. Nikamsihi. Nikamwambia nataka sauti ya baba yangu, dakika moja. Akasema, mwanangu, habari haipandi mlima. Simkasirikii Baba, Mama. Alipojua, habari ilikuwa imeshapoa, hakuwa na pa kuanzia, akaanza na mvua. Nalikasirikia lile giza. Watu wazima wanasimama ndani yake, na nje huku mtu anaita."

Adelina alikuwa ameacha kutafuna.

"Sasa na tiketi ulinunua ya nini?" nikamuuliza.

"Ulikuwa huli."

"Na Bhavna anasemaje?"

Akatazama dirishani, kule wanakochimba, ingawa Jumapili hawapigi. Na mimi, mtu ninayejisifu kuona, nikaona wakati huo tu. Bhavna hapigi simu. Bhavna aliyekataa chai yangu mwezi wa sita, akisema tangawizi inamchoma. Bhavna aliyevaa kurta, lile shati refu, pana, kwenye joto lile.

"Miezi mingapi?"

"Minne. Hatukutaka kumwambia mtu. Safari hii tulitaka kunyamaza mpaka..." Akaachia hapo.

"Yesu na Maria," Adelina akasema kwa sauti ndogo.

"Naye anajua unakwenda?"

"Anajua. Amesema kama mama yako anakufa kwa ajili ya maji, nenda kamwage maji."

Nilikwenda jikoni, nikarudi. Nikaenda dirishani, nikarudi. Kirit na Adelina walikuwa wananitazama natembea ndani ya nyumba yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kichwani nilikuwa na hesabu mbili zinazogombana. Vizazi vya watu walipanda ule mlima na njaa, kwenye ukungu, kwenye njaa kuu, kwenye vita, na mwisho wao ungekuwa mimi, mwanamke aliyekuja kwa ndoa, na miguu yake inayouma. Na upande wa pili kijana mmoja anayesimama mlangoni anasema nimekuja, Mungu anamsikia, na Mungu anajua kwamba mama yake ndiye aliyemsukuma mgongoni kwa sahani ya dengu isiyoliwa.

Adelina akanong'ona: "Mama Kirit, unataka nini hasa? Maji yamwagwe, au wewe ndiye uonekane umeyamwaga?"

"Nyamaza, dada."

"Nanyamaza."

Simu ikalia. Ilikuwa Devgar, kwao imekwisha kuingia jioni. Nikaweka sauti ya wazi, ili Kirit naye asikie. Kirit anakielewa Kigujarati chote. Adelina hakielewi, lakini alikuwa anatusoma nyuso.

"Shemeji, kesho kutwa mwezi unaandama. Jina."

"Devgar, Kirit yuko hapa. Mkewe ni mjamzito."

Nikasikia kengele nyuma yake, mtu anaingia pangoni.

"Mungu amjalie," Devgar akasema. Akashusha sauti. "Sikiliza. Mlete tu. Nimezeeka, ile ya mwaka ule ilinikaa hapa kifuani. Safari hii likitokea jambo nitampelekea habari mwenyewe, kimyakimya. Nani atajua? Mimi na wewe."

Kirit akainua kichwa. Niliona tumaini usoni mwake, au niliona woga, mpaka leo sijui ni kipi. Na mimi nilitamani, jamani. Nilitamani kama mtu wa kiu. Kulikuwa na njia, imefunguliwa na mwenye ufunguo mwenyewe: zamu ibaki, mwana apate habari zake, Himatgar apumzike. Ningesema jina tu.

Lakini akishapata habari, atarudije mbele ya jiwe? Atamwaga akiwa mwikoni, na Devgar atatazama pembeni. Au atashuka, na mtungi utavunjika katikati ya mwezi. Na mlima ukishapandisha habari kwa ajili yetu, nyumba ya tatu nao watataka, na ya nne, na baada ya miaka pangoni kutakuwa na watu wanaoitana kwenye simu na Shiva pembeni anadondokewa na maji. Lile giza ambalo mwanangu analikasirikia ndilo pango lenyewe. Siwezi kumpeleka ndani yake kwa nguvu, na siwezi kulitoboa tundu ili apite.

"Hapana, Devgar," nikasema. "Usivunje kitu kwa ajili yetu."

"Shemeji, fikiri. Mkeo wa marehemu..." Akakosea maneno, mzee wa watu, akaanza upya. "Himatgar angesemaje?"

"Himatgar hayupo. Nyumba niliyobaki nayo ni hii."

"Basi neno la kutua ulitamke mwenyewe, kwa kinywa chako. Nisije nikaambiwa baadaye kwamba niliwanyang'anya."

Nikasimama wima. Nilijifunika kichwa kwa ncha ya sari, kama nilivyojifunika mara ya kwanza kule mlangoni na mtungi wa maji ya baridi ukinilowesha bega.

"Nyumba ya Himatgar imetua mtungi," nikasema.

Devgar akasema atamwambia Mungu, na akasema nile chakula, nami nikasema nitakula. Simu ikakatika.

Nilidhani kutakuja kitu. Wepesi, au radi. Hakikuja. Mguu ulikuwa bado unacheza. Adelina alikuwa anafuta macho kwa kanga ingawa hakuambiwa kilichosemwa, na mimi nilikuwa natazama mikono yangu nikijiuliza kesho kutwa alfajiri, yule kijana wa nyumba ya tatu, atashika chupa sawasawa au ataimwaga ovyo kama anayeoga.

"Kirit," nikasema, "kamwambie Bhavna kwamba..."

Alikuwa ameshasimama. Alinitazama, akaitazama picha ukutani. Kisha akachukua kofia yake ya kazi kwenye kiti, akavaa viatu bila kufunga kamba, akafungua mlango na kutoka kwenda kwa Bhavna, bila kungoja nimalize.